Sanduku la Balbu Alizoacha Mjomba: Kutunza, Kuwasha au Kutupa?

Swali: Mjomba wangu aliyefariki aliniachia sanduku la balbu za zamani, zile zenye uzi unaowaka ndani ya kioo. Nyingine bado zimo kwenye vikasha vyake, nyingine hazina hata jina, na kadhaa zimeungua. Nyumbani tumeshahamia LED siku nyingi. Mke wangu anaziita takataka. Kijana wangu, anayesomea uhandisi, anasema kutunza kitu kilichoondolewa sokoni kwa sababu ya kupoteza umeme ni kuipinga sayansi. Je, zina thamani yoyote? Nitajuaje ipi ni ya kale kweli? Naweza kuziwasha? Na zilizoungua nizitupe?

Jibu: Pole kwa msiba, ndugu yangu. Kwanza usitupe chochote, hata hizo zilizoungua. Na usiwashe yoyote kabla hujafika katikati ya jibu hili. Mikusanyo mingi ya balbu huharibiwa siku ile ile ya kwanza: mtu anafungua sanduku, anaipenda moja, anaichomeka kwenye soketi ya dari aone kama inawaka. Inawaka kweli, kisha inakatika mbele ya macho yake.

Nianze na hoja ya kijana wako, maana usipoijibu hutakuwa na raha na sanduku hilo. Kwa upande wa matumizi, yuko sahihi kabisa. Balbu ya kawaida ya wati 60 hutoa lumeni (kipimo cha mwanga) 12 hadi 15 kwa kila wati. LED ya kawaida inatoa 80 hadi 100, na zipo zinazopita 200. Iwashe balbu hiyo kwa saa 1,000, yaani umri wake wote, itakuwa imekula uniti 60 za umeme. LED yenye mwanga unaolingana nayo itakula kama 8. Asilimia 90 na zaidi ya umeme unaoingia kwenye balbu ya uzi hutoka kama joto. Hakuna ufundi wa kuficha hesabu hiyo.

Ila sababu ya hasara hiyo haikuwa uvivu wa mafundi. Uzi wa tungsteni ndani ya balbu hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 2,500 hivi za Selsiasi. Kitu kikiwa na joto hilo, sehemu kubwa ya mnururisho wake ni ule usioonekana, tunaouhisi kwenye ngozi kama joto tu. Ili mnururisho mwingi uangukie kwenye mwanga unaoonekana, ungehitaji joto linalokaribia lile la uso wa jua, kama nyuzi 5,500. Tungsteni inayeyuka kwenye 3,422, na ndiyo metali inayovumilia joto kuliko zote. Hakuna kitu chochote kinachobaki kigumu kwenye joto la jua. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza balbu ya uzi ilikuwa inakimbizana na ukuta usiobomoka, na kila balbu iliyomo kwenye sanduku lako inaonyesha mafundi walifika wapi katika mbio hizo. Hapo ndipo ninapotofautiana na kijana wako. Balbu inapoteza umeme ikiwashwa. Ikikaa kwenye rafu haipotezi kitu, na inafundisha fizikia ya joto na mwanga kwa namna ambayo kitabu hakiwezi. Mwambie mwanafunzi wa uhandisi akueleze kwa nini uzi umesokotwa jinsi ulivyosokotwa. Nadhani atanyamaza kidogo.

Na kuhusu kuondolewa sokoni, asome vizuri sheria zenyewe. Australia ilitangaza mpango wake mwaka 2007. Umoja wa Ulaya ulianza na balbu za wati 100 tarehe 1 Septemba 2009, ukashuka hatua kwa hatua hadi 2012, kisha balbu nyingi za halojeni, ambazo nazo ni za uzi, zikafuata mwaka 2018. Marekani iliyumba kwa miaka, ikaja kusimamia kiwango cha lumeni 45 kwa wati kuanzia Agosti 2023, kiwango ambacho balbu ya uzi haiwezi kukifikia hata kwa dua. Sheria hizo zinawabana wanaotengeneza, wanaoingiza na wanaouza. Hazimkatazi mtu kuwa na balbu nyumbani. Tena zimeacha upenyo kwa kazi maalumu, kama taa ya ndani ya oveni, kwa kuwa LED haiwezi kukaa kwenye joto la nyuzi 300. Ujerumani kulikuwa na wahandisi wawili waliojaribu mwaka 2010 kuuza balbu zile zile kama "vifaa vidogo vya umeme vya kupasha joto chumba", wakisema mwanga ni matokeo ya bahati mbaya tu. Forodha iliuzuia mzigo wao. Utani wao ulikuwa sahihi kifizikia kuliko kisheria.

Sasa tuingie sandukuni. Swali lako la pili ndilo lenye utamu.

Usianze kwa kusoma maandishi. Maandishi hufutika, na majina hutumiwa tena na tena. Anza na uzi. Inua balbu mbele ya dirisha na uangalie umbo lake.

Ukiona uzi mmoja mweusi, mnene kiasi, uliopinda kama pini ya nywele au uliojikunja kitanzi kimoja au viwili, hiyo ni kaboni, na huo ni ukoo mkongwe kuliko wote. Mwingereza Joseph Swan alionyesha taa ya kaboni hadharani Newcastle mwanzoni mwa mwaka 1879, na Thomas Edison akafanikiwa na yake Oktoba mwaka huo huo. Hataza yake ya Marekani ilitolewa Januari 1880. Mabishano ya nani alitangulia yaliishia kwa kampuni zao za Uingereza kuungana mwaka 1883. Mimi ningewapa nafasi kubwa zaidi watu wa pampu. Wazo la kupitisha umeme kwenye uzi hadi ung'ae lilikuwa limejaribiwa kwa miongo kadhaa kabla ya hapo, na kila mara uzi uliteketea kwa sababu ya hewa iliyobaki kiooni. Pampu ya zebaki aliyoitengeneza Hermann Sprengel mwaka 1865 ndiyo iliyowezesha ombwe la kutosha, yaani kioo kisicho na hewa ndani. Bila pampu hiyo, si Swan wala Edison angekuwa na la kuonyesha. Kaboni ilitoa kama lumeni 3 tu kwa wati, mwanga wa rangi ya chungwa, lakini iliendelea kuuzwa muda mrefu baada ya kupitwa kwa sababu ilikuwa imara. Basi usiseme "kaboni" ukamaanisha lazima karne ya 19.

Ukiona uzi mwembamba mno, mrefu, unaopanda na kushuka mara nyingi kati ya vijiti vidogo vilivyotoka kwenye nguzo ya kioo katikati, kama kizimba, umeshika balbu ya kipindi ninachokipenda kuliko vyote, takriban 1905 hadi miaka ya 1920. Metali haina ukinzani mkubwa kama kaboni, yaani haiuzuii umeme kwa kiasi hicho, ndiyo maana ilibidi uzi uwe mrefu sana. Kwenye taa za metali iitwayo tantali za Siemens & Halske, za kuanzia 1905, uzi ulipita nusu mita, na wote huo ulipaswa kuenea ndani ya kioo cha kushikika kwa kiganja. Tungsteni za kwanza, zilizotokana na kazi ya wavumbuzi Just na Hanaman ya mwaka 1904, zilitengenezwa kwa unga uliochomwa na zilivunjika kwa mtikisiko mdogo. William Coolidge wa General Electric, kampuni ya Marekani, ndiye aliyefanikiwa kuilainisha tungsteni ikavutika kuwa waya halisi, karibu na mwaka 1910. Kwa macho tu ni vigumu kutofautisha tantali na tungsteni iliyovutwa. Hapo ndipo maandishi ya kitako yanapoanza kusaidia. Ukikuta jina Mazda, kwa mfano, jua lilianza kutumika mwaka 1909, na lilikusudiwa taa za tungsteni.

Ukiona uzi mfupi uliosokotwa kama springi na kuning'inizwa kwa umbo la nusu duara, hiyo ni ya baada ya 1913. Mwaka huo Irving Langmuir alifanya jambo lililoonekana kichaa: baada ya miaka zaidi ya 30 ya watu kupigania ombwe safi, yeye alirudisha gesi ndani. Alitumia naitrojeni, na baadaye argoni ikachukua nafasi kubwa. Gesi inazuia tungsteni isivukize haraka, lakini pia inaubeba joto kutoka kwenye uzi na kuupoza. Langmuir aligundua kwamba gesi inayozunguka uzi hutulia na kuunda koti jembamba, na kwamba ukiusokota uzi, springi yote hupoteza joto kana kwamba ni waya mmoja mnene na mfupi. Kwa hiyo ule msokoto haukuwekwa kwa urembo. Katika miaka ya 1930 wakausokota mara mbili, springi juu ya springi. Utahitaji kioo cha kukuza kuiona vizuri. Balbu nyingi za karne iliyopita ni za aina hii ya mwisho, na pengine ndizo nyingi sandukuni kwako.

Jambo la pili la kutazama ni kilele cha kioo. Balbu za mwanzo zina ncha ndogo juu, mahali kioo kilipoyeyushwa na kuzibwa baada ya hewa kunyonywa. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 viwanda vikubwa vilihamishia mrija wa kunyonyea upande wa kitako, na vilele vikawa laini. Ncha peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu taa za mapambo ziliendelea kuwa nayo baadaye, na leo zinatengenezwa balbu za mtindo wa kale zenye ncha ya makusudi. Kioo cheupe kilichokwaruzwa kwa ndani nacho kina tarehe yake: njia iliyofaa ilipatikana mwaka 1925 kupitia Marvin Pipkin wa General Electric. Kabla yake walikwaruza kwa nje, pakawa panashika vumbi. Waliojaribu ndani kwa tindikali walikuta kioo kimekuwa chepesi kuvunjika, mpaka Pipkin alipopitisha tindikali mara ya pili, hafifu zaidi, iliyoyalainisha mashimo makali ya mara ya kwanza.

Jambo la tatu ni kitako. Geuza balbu uangalie kizio, ile sehemu isiyopitisha umeme, kilicho kati ya sehemu za chuma. Plasta nyeupe inayochuchika ni dalili ya ukale mkubwa. Kaure hufuata. Kioo cheusi kinachong'aa ndicho kilichodumu zaidi. Chuma chenyewe kikiwa shaba ya manjano, hiyo ni dalili nzuri. Kikiwa alumini nyepesi, kwa kawaida uko katikati ya karne ya 20 au baadaye. Kama kitako ni cha pini au cha kuzungusha hilo halikupi tarehe, linakuambia tu soko ililolengwa.

Kuna kitu kingine ambacho huwezi kukiona kirahisi lakini kinaeleza kwa nini balbu za kabla ya 1910 ni adimu. Waya unaopenya kioo ulikuwa wa platini, kwa sababu platini na kioo hutanuka kwa viwango vinavyokaribiana vinapopata joto, hivyo kioo hakipasuki na hewa haipenyi. Balbu ikiungua, platini ilibaki na thamani. Nyingi zilivunjwa ili ichukuliwe. Baadaye ulipatikana waya wa chuma na nikeli uliofunikwa shaba, ukafanya kazi ile ile kwa gharama ndogo, na watu wakaacha kuvunja.

Haya, kuwasha.

Balbu inaweza kuthibitishwa kuwa nzima bila kuwashwa, na hilo ndilo nakushauri ulifanye kwa sanduku zima. Chukua multimita (kile kipima umeme cha mafundi), weka kwenye ohm, kipimo cha ukinzani, gusisha ncha zake kwenye kitako. Ikisoma, uzi haujakatika. Lakini namba yenyewe ina habari nzuri zaidi. Balbu ya tungsteni ya volti 230 na wati 60 ina ukinzani wa ohm 882 ikiwa inawaka. Ikiwa baridi utasoma kama 60 au 70 tu, kwa sababu ukinzani wa tungsteni hupanda karibu mara 15 inapopata joto. Kaboni iko kinyume chake: ukinzani wake hushuka inapopata joto, hivyo ikiwa baridi inasoma juu zaidi ya hesabu ya wati na volti, mara nyingine karibu maradufu. Kwa kipimo hiki kimoja utaifichua balbu mpya inayouzwa kama "ya kaboni ya kale" ilhali ndani ni tungsteni ya juzi. Nimeona watu wakilipia ukale ambao multimita ya bei ndogo ingeukanusha kwa dakika moja.

Tofauti hiyo ya baridi na moto ndiyo pia inayoeleza kwa nini balbu hukatika wakati wa kuwashwa. Sekunde ile ya kwanza uzi ungali baridi, mkondo unaoingia ni mkubwa mara nyingi kuliko kawaida, na sehemu yoyote iliyokonda inapata moto kabla ya wenzake. Balbu ya miaka 90 iliyolala sandukuni haihitaji mshtuko huo.

Ukitaka lazima kuiwasha, na ninaelewa hamu hiyo, tumia transfoma ya kubadilisha volti, ile yenye gurudumu la kuzungusha. Kwanza soma volti zilizoandikwa. Balbu ya volti 110 ikichomekwa kwenye 230 inapokea nguvu kama mara nne. Itakatika papo hapo, na ikiwa ya gesi bila fyuzi ndani yake inaweza kupasuka usoni. Anzia sifuri, panda taratibu, na usimame kwenye robo tatu ya volti zake. Hapo uzi utawaka rangi nzuri ya kaharabu na hautachakaa kwa kiasi cha kukusumbua. Vaa miwani ya kazi. Ukiona moshi mweupe au wa manjano ukijitokeza ndani, zima: hewa imeingia, na hiyo ni tungsteni inayoungua. Kama huna transfoma hiyo, acha kabisa.

Kwa nini volti kidogo zisaidie hivyo? Kwa balbu ya tungsteni, ukipunguza volti kwa asilimia 5 umri wake unakaribia maradufu, na mwanga unapungua kama sehemu moja ya sita. Punguza asilimia 10, umri unakuwa karibu mara nne, mwanga unashuka kwa asilimia 30 hivi, lakini umeme unaoliwa haushuki kwa kiasi hicho. Hapa ndipo hadithi mbili maarufu zinapopata majibu, na kwa kuwa una balbu za zamani lazima utaulizwa.

Ya kwanza ni ile balbu ya kituo cha zimamoto cha Livermore, California, inayowaka tangu 1901. Ni ya kaboni, ya kampuni ya Shelby ya Ohio, na watu huitaja kama ushahidi kwamba wazee walijua kutengeneza vitu vya milele. Wanaoitaja huwa hawasemi kwamba sasa inatumia kama wati 4 na mwanga wake hautoshi kusomea. Haizimwi na kuwashwa hovyo, na uzi wake hauna moto mkali. Nami ningeishi miaka mingi kama ningefanya kazi kwa mwendo huo.

Ya pili ni njama ya Phoebus, na hii ilikuwepo kweli. Mwishoni mwa 1924 watengenezaji wakubwa, wakiwemo Osram, Philips na washirika wa General Electric, walikubaliana Geneva kugawana masoko na kuweka umri wa balbu ya kawaida kuwa saa 1,000. Walipima sampuli za wanachama na kumtoza faini ambaye balbu zake zilidumu kupita kiasi. Ulikuwa ulaji wa pamoja, sina neno la kuutetea. Lakini saa 1,000 yenyewe haikuwa namba ya kuokota. Balbu ya saa 2,500 ingekuwa hafifu zaidi kwa umeme ule ule, na mteja angelipa zaidi kwenye bili kuliko alichookoa kwa kutonunua balbu. Mwaka 1951 tume ya Uingereza iliyochunguza biashara ya taa iliandika kwamba hakuna umri mmoja unaofaa kwa mazingira yote. Ukikuta sandukuni balbu iliyoandikwa umri mrefu, ipime kwa macho hayo: uwezekano mkubwa ni tungsteni ya kawaida iliyotengenezwa kwa volti za juu kidogo kuliko zilizo ukutani.

Utunzaji ni jambo dogo. Brashi laini na kavu kwa vumbi. Maji yasiguse kitako wala lebo, kwa kuwa saruji inayoshika kioo na chuma hulainika, na lebo ya karatasi ni nusu ya thamani. Ukishika, shika kitako. Balbu ya kale ukiizungusha kwa kioo, kioo kinaweza kubaki mkononi na kitako kikabaki kwenye soketi. Tungsteni ikishawashwa mara moja fuwele zake hujipanga upya na inakuwa dhaifu kwa mtikisiko, kwa hiyo zile ambazo hazijawahi kuwaka husafiri vizuri kuliko dada zake. Lehemu ya zamani ina madini ya risasi: nawa mikono, na watoto wasizichezee.

Kuhusu thamani ya fedha, nisikupe matumaini hewa. Balbu za wati 60 za miaka ya 1970 zilitengenezwa kwa idadi isiyofikirika na hazitamtajirisha mtu. Kinachotafutwa ni kaboni zenye lebo, za tantali, za osmiamu (metali nyingine iliyotumika kama uzi), vitako vya mifumo iliyokufa, balbu zenye umbo la ajabu, na vikasha. Ndiyo, vikasha. Karatasi ilitupwa siku ya ununuzi, kwa hiyo imebaki kidogo kuliko kioo. Kama mjomba aliweka risiti, daftari au hata kijikaratasi cha lini alinunua na wapi, hicho kiunganishe na balbu yake leo, kabla hamjachanganya.

Ningependa pia ufanye jambo ambalo mjomba pengine hakulifanya. Endeleza mkusanyo mbele. Watu wote wanaokota Edison; hakuna anayeweka zile balbu za kuokoa umeme za tyubu iliyojikunja, nazo zinatoweka sasa hivi. Philips waliuza ya kwanza ya aina yake mwaka 1980, nene kama chupa ya jemu na nzito kupindukia kwa sababu ya choki, ile koili ya kudhibiti umeme, iliyokuwa ndani. Zilitawala kwa miongo isiyozidi mitatu. LED nyeupe ilipatikana mwaka 1996 Japani kwa kufunika chipu ya bluu kwa unga wa njano wa fosfa, unaobadili rangi ya mwanga. Waliofanikisha ile chipu ya bluu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Na Mkataba wa Minamata wa 2013 kuhusu zebaki ukaja kuwa msumari wa mwisho kwa taa za tyubu ndogo. LED za kwanza za majumbani nazo zina sura ambayo hutaiona tena: mapezi mazito ya alumini ya kupozea, na ile ya Philips iliyoshinda tuzo ya L Prize ya serikali ya Marekani mwaka 2011, ambayo ikizimwa ina rangi ya njano. Hizi zote ziko kwenye mapipa ya taka muda huu.

Kwa za tyubu, tahadhari. Kila moja ina miligramu chache za zebaki. Ziweke kwenye kisanduku chenye sponji, mbali na chumba cha kulala. Ikivunjika, fungua madirisha, toka nje dakika 15, kisha kusanya vipande kwa karatasi ngumu na utepe wa kunata, utie kwenye chupa yenye kifuniko. Usitumie fagio wala mashine ya kunyonya vumbi; zinaisambaza. Na tyubu ndefu za kabla ya 1950 usiziguse bila ujuzi: baadhi zilikuwa na fosfa yenye beriliamu, na vumbi lake likiingia mapafuni ni ugonjwa usiopona.

Zimebaki zilizoungua. Kabla ya kutupa, ziangalie moja moja. Kwenye balbu ya ombwe, weusi wa tungsteni iliyovukizwa hutapakaa kioo kizima. Kwenye ya gesi, gesi moto hupanda na kuubeba juu. Kwa hiyo weusi ukiwa karibu na kitako, balbu ilikuwa ikining'inia darini. Ukiwa kwenye kilele, ilisimama kwenye taa ya mezani. Ukiona shanga ndogo ya metali iliyoyeyuka mwishoni mwa uzi, ilikatika ikiwa na umeme. Uzi uliovunjika kwa ncha kali bila shanga uliangushwa au ulitikiswa. Za aina hiyo zenye kisa cha kusomeka, weka, hasa za uzi wa kizimba na za kaboni: kuungua kunapunguza bei yake lakini hakuifuti. Balbu za kawaida za miaka ya karibuni zilizokatika, ambazo zina mwenzake mzima sandukuni, zifunge kwa karatasi na uzitoe na taka za kawaida. Usizichanganye na chupa za kurejelezwa, kwa sababu kioo chake na waya zilizomo vinaharibu mzigo. Za tyubu na LED zipeleke panapopokelewa taka za umeme.